Mwanao anafuatisha ngoma kwa sikio au kwa macho?



Mwanao wa darasa la pili amerudi kutoka shule. Ametupa begi kitandani na sasa anapiga ndoo kwa vijiti viwili. Ukimuuliza, anakwambia leo mwalimu alikuja na simu na spika ndogo, akawawekea wimbo, nao wakafuatisha: piga mara mbili, nyamaza, piga mara tatu, nyamaza. Unafurahi kumuona amechangamka.

Kisha unamwita akaoge. Kimya. Unamwita tena. Kimya. Mara ya tatu unapaza sauti na kumwambia ana masikio ya mapambo.

Mzazi, kabla hujaenda kutafuta fimbo, hebu tuzungumze. Mtoto asiyeitika huenda ni mkaidi kweli. Huenda amezama kwenye mchezo wake. Lakini huenda pia hakukusikia, na hiyo ndoo anayopiga inaweza kukusaidia kujua.

Kufuatisha si jambo geni

Siku hizi baadhi ya walimu wa shule za msingi hutumia simu katika kipindi cha muziki. Mwalimu huweka wimbo au video, na watoto hupiga makofi, ngoma, kayamba au hata madawati kwa kufuata mapigo wanayoyasikia. Kwenye video nyingine kuna alama zinazotembea kwenye kioo kuonyesha wakati wa kupiga na wakati wa kunyamaza. Mwalimu ambaye hajui kupiga chombo chochote anaweza kufundisha muziki kwa njia hiyo, na darasa la watoto 80 likafanya kitu kimoja kwa pamoja.

Kwa mtu wa Buigiri, Chamwino au Mvumi, jambo hili halina ugeni. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya kuanzisha na kuitikia. Mmoja anaanza, wengine wanapokea. Wanawake wanaopiga muheme, ngoma zikiwa kati ya mapaja, husikilizana wao kwa wao, na anayechelewa hurudishwa na wenzake. Zeze na marimba ya vidole ya Wagogo, ambavyo marehemu Hukwe Zawose alivipeleka hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, huchezwa kwa sikio. Mtoto hukaa kando ya mkubwa, husikiliza, hujaribu, hukosea, husikiliza tena.

Kilichobadilika ni kwamba leo anayeanzisha ni simu. Na simu ina mambo mawili ambayo mzee mwenye zeze hakuwa nayo: ina picha, na ina kitufe cha kuongeza sauti. Afya ya masikio ya mwanao inaguswa na yote mawili.

Watoto wanaosikiliza tu

Buigiri inajulikana nchini kwa shule yake ya msingi ya watoto wasioona, iliyoanza mwaka 1950 chini ya Kanisa la Anglikana. Kwa mtoto asiyeona, video ya kufuatisha alama haina faida. Kinachomfikia ni sauti, mtetemo wa ngoma chini ya kiganja, na maneno ya mwalimu. Anafuatisha kwa sikio peke yake.

Sasa fikiria mtoto wa aina hiyo akipungukiwa usikivu, hata kidogo. Anayeona na kusikia vibaya husoma midomo, hutazama jirani, hukisia. Asiyeona hana pa kuegemea. Hata kuvuka barabara hutegemea sikio: ndilo linalomwambia gari liko mbali au karibu. Barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro inapita maeneo hayo, na mabasi na malori hayapungui.

Ndiyo maana ninasema watoto wasioona wanatufundisha jambo ambalo sisi wazazi wa watoto wanaoona hulisahau. Macho ya mtoto yanaweza kuficha ugonjwa wa masikio yake. Mtoto anayeona anaweza kukaa darasani miaka 2 au 3 akitazama wenzake na kuiga, na mzazi wala mwalimu asijue kwamba hasikii sawasawa. Ripoti yake itaandikwa "mzito", "hana usikivu darasani", "mtoro wa mawazo".

Zima picha, acha sauti

Hapa ndipo kipindi cha muziki kinapoweza kukusaidia. Muombe mwalimu, au jaribu mwenyewe nyumbani: mpe mtoto ndoo na vijiti, weka wimbo wenye mapigo ya wazi na video ikionekana. Mwache afuatishe. Kisha geuza simu kioo kiangalie chini, au mwambie afumbe macho, na urudie wimbo uleule kwa sauti ileile.

Mtoto anayesikia vizuri huyumba kidogo, halafu hurudi kwenye mapigo. Mtoto aliyekuwa akiongozwa na macho hubadilika. Anachelewa kila pigo, anapiga ovyo, au anafumbua macho kutafuta mikono ya wenzake.

Nisieleweke vibaya. Huu si uchunguzi wa kitabibu. Watoto wengi wa miaka 5 au 6 hukosea mapigo ingawa masikio yao hayana kasoro yoyote, kwa sababu ubongo na mikono bado vinajifunza kwenda pamoja. Unachotazama ni tofauti kubwa kati ya kupiga kwa kuona na kupiga kwa kusikia tu, hasa ikiambatana na dalili nyingine kama hizi:

- Ukimwita kutoka nyuma kwa sauti ya kawaida haitiki, ila akiwa anakutazama anaitika.
- Anageuza upande mmoja wa kichwa kila anaposikiliza.
- Anasogea karibu sana na redio au anaongeza sauti wakati wengine wanasikia vizuri.
- Anasema "eeh?" au "unasemaje?" mara kwa mara.
- Anaandika maneno mengine kabisa wakati wa imla.
- Matamshi yake yamebaki nyuma ya watoto wa rika lake.
- Analalamika kwamba kuna mlio kama filimbi au nyenje masikioni.
- Sikio linatoa maji, usaha au harufu.

Dalili moja ya hizi ikidumu inatosha kumpeleka mtoto kituo cha afya. Usisubiri zikamilike zote.

Mashine haimsubiri mtoto

Wazazi wengine huuliza: je, simu inamfundisha mtoto vizuri kuliko mwalimu? Watafiti wawili, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, waliwahi kulipima jambo hili katika mji wa Leipzig, Ujerumani, na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Waliwapa ngoma watoto wa miaka 2 na nusu hadi 4 na nusu. Wakati mmoja mtoto alifuatisha mtu, wakati mwingine mashine inayopiga ngoma, na wakati mwingine sauti ya ngoma iliyotoka kwenye spika. Watoto walienda sawa na mapigo vizuri zaidi walipopiga pamoja na mtu.

Jambo hilo halitamshangaza bibi yeyote aliyewahi kumpakata mjukuu na kumpigisha makofi. Mtu humtazama mtoto, hupunguza mwendo akichoka, humngoja akipotea. Wimbo uliorekodiwa haumngojei mtu. Ukishampita, umempita.

Kwa hiyo simu na spika ni msaada mzuri, lakini kwanza mtoto afuatishe mtu, halafu ndipo afuatishe mashine. Hii ni kweli zaidi kwa mtoto asiyeona na kwa mtoto asiyesikia vizuri. Mwalimu anaweza kupiga pigo mgongoni mwa mtoto kwa kiganja, au kumwekea mkono juu ya ngozi ya ngoma ahisi mtetemo, kisha akaweka wimbo. Watoto wenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino, wakae mbele karibu na kioo. Na kipindi kikifanyika nje, wawe kivulini wakiwa na kofia na mikono mirefu.

Posho ya sauti ya wiki

Sasa tuje kwenye kile kitufe cha kuongeza sauti.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono. Humo mna vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopokea mtetemo na kuupeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa huvilaza kama upepo unavyolaza mtama. Sauti ikikoma mapema, huinuka. Ikirudiwa siku baada ya siku, huvunjika na kufa, na kwa binadamu haviotei tena. Hakuna dawa ya matone wala kidonge kinachovirudisha.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kiwango cha usikilizaji salama: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki; kwa mtoto, desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama unakatwa nusu. Ichukulie kama posho. Kwa mtoto, desibeli 78 ni saa 20, desibeli 81 ni saa 10, 84 ni saa 5, 87 ni saa 2 na nusu. Ikifika desibeli 90, posho ya wiki nzima inaisha kwa saa 1 na dakika 15.

Vipindi viwili vya muziki vya dakika 40 kila kimoja ni dakika 80. Kwa hiyo spika ikipiga desibeli 90 darasani kwa muda wote huo, mtoto amemaliza posho yake ya wiki na kuipita, kabla hajafika kwenye sabufa ya nyumbani, spika za ibadani, muziki wa jirani na hedifoni za kaka yake.

Utajuaje desibeli bila kipimo? Zipo programu za simu zinazopima kelele. Hutoa makadirio tu, lakini makadirio ni bora kuliko kubahatisha. Njia rahisi zaidi ni hii: simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako. Ukilazimika kupaza sauti ili akusikie, kelele iliyopo ni kubwa mno kwa mtoto kukaa nayo.

Kumbuka pia kwamba darasa lenye sakafu ya saruji, kuta tupu na bati lisilo na dari hurudisha sauti. Ngoma 20 ndani ya chumba hicho si sawa na ngoma 20 chini ya mbuyu. Wazee wetu walicheza muheme uwanjani, sauti ikaondoka na upepo. Mwalimu akiweza kutoa kipindi cha ngoma nje, kivulini, amesaidia masikio ya watoto na yake mwenyewe pia.

Kuhusu hedifoni, sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu, na mtoto apumzike kila baada ya muda mfupi. Mtoto asiyeona asitembee barabarani akiwa ameziba masikio, hata moja. Ukimvalisha, umemfunga kitambaa cha pili.

Sikio linalotoa usaha

Huko vijijini, sababu kubwa ya watoto kutosikia vizuri si spika. Ni maambukizi ya sikio yaliyoachwa. WHO inakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa, na maambukizi ya sikio yamo katika orodha hiyo, pamoja na surua, rubela, homa ya uti wa mgongo na matatizo wakati wa kuzaliwa.

Mtoto anapata mafua, vijidudu vinapita kwenye njia inayounganisha koo na sikio, usaha unajaa, unasukuma kiwambo, kile ambacho wengi huita ngoma ya sikio, mpaka kinatoboka. Maumivu yanapungua ghafla na usaha unatoka. Mzazi anadhani mtoto amepona. Kumbe ngoma imetoboka, na ngoma iliyotoboka hailii vizuri. Huhitaji daktari kukueleza hilo.

Usaha ukitoka, mpeleke mtoto kituo cha afya. Ukidumu siku 14 au zaidi, tayari huo ni ugonjwa sugu na unahitaji matibabu tofauti, kwa kawaida dawa ya matone itakayoandikwa na mtaalamu. Wakati huo kausha sikio angalau mara 3 kwa siku: sokota kipande cha kitambaa safi kinachofyonza maji, kiingize taratibu, kiache kilowe, kitoe, weka kingine mpaka kitoke kikavu.

Usimimine mafuta ya kula, mkojo, maziwa, maji ya majani wala mafuta ya taa. Usiingize kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku. Nta ya sikio si uchafu. Ni ulinzi, na hutoka yenyewe.

Ukiona uvimbe unauma nyuma ya sikio, au mtoto ana homa kali, shingo imekakamaa au mdomo umepinda upande mmoja, hiyo ni dharura. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kinga ipo. Chanjo ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, na ile ya surua na rubela iliyoanza mwaka 2014, hulinda masikio pia. Angalia kadi ya mtoto. Na mtoto akiumwa, usimpe dawa bila ushauri: baadhi ya dawa, kama sindano za gentamaisini, zinaweza kudhuru usikivu zikitumika bila uangalizi.

Maswali ya kumuuliza mwalimu

Ukienda kwenye kikao cha wazazi, usiishie kuuliza alama za hesabu. Muulize mwalimu, kwa heshima:

- Kipindi cha muziki mnatumia spika? Iko umbali gani kutoka kwa watoto wa mbele?
- Mkifuatisha wimbo, mwanangu anakwenda na wenzake au anawatazama kwanza?
- Akikaa nyuma, anaitika akiitwa?
- Je, kuna siku mnafuatisha bila picha?

Mwalimu wa muziki anamsikia mtoto wako kwa namna ambayo mwalimu wa somo lingine hamsikii. Akikwambia mtoto hafuati, usijibu kwamba muziki si somo la maana. Huenda amekuona mapema kuliko daktari.

Kipimo chenyewe ni mchezo

Wazazi wengi huogopa kupeleka mtoto kupimwa masikio wakidhani kuna sindano au maumivu. Hakuna. Anzia zahanati au kituo cha afya, ambako mhudumu ataangalia ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa. Ikihitajika atakuandikia rufaa kwenda hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo.

Kwa mtoto mdogo, upimaji wa usikivu hufanywa kama mchezo. Anavalishwa hedifoni na kupewa kikombe na kete. Anaambiwa: kila ukisikia mlio, hata mdogo kama wa mbu, tumbukiza kete moja. Milio inapungua kidogo kidogo, na mtaalamu anaandika ni wapi mtoto ameacha kutumbukiza. Mtoto asiyeona hucheza mchezo huu vizuri kabisa, kwa kuwa hauhitaji macho.

Mtoto aliyezoea kufuatisha darasani, anayejua kungoja pigo na kuitikia, huuelewa mchezo huo upesi. Ndiyo faida mojawapo ya kipindi cha muziki ambayo haiandikwi kwenye ripoti ya shule.

Na wakikuta tatizo? Sehemu kubwa ya matatizo ya watoto hutibika au hupunguzwa: nta iliyoziba hutolewa, maambukizi hukaushwa, kiwambo kilichotoboka huweza kuzibwa kwa upasuaji. Wengine husaidiwa na kifaa cha kusikia. Kwa wenye uziwi mkubwa, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu hapahapa nchini, huduma iliyokuwa ikifuatwa nje. Mtoto akigundulika mapema, lugha yake na masomo yake havibaki nyuma.

Basi jioni ya leo, mwanao akianza tena kupiga ile ndoo, usimfukuze. Kaa nyuma yake, mahali asipokuona. Piga makofi mawili, nyamaza, piga matatu. Ngoja uone kama ataitikia.

Akiitikia, piga tena, mcheze. Asipoitikia, rudia kwa upole kesho na keshokutwa. Ikiwa bado kimya, mvalishe viatu mwende zahanati.